Bata, Neno la Siri na Sikio la Groucho

   

Wasikilizaji wangu, kabla sijafika mbali, niwape kazi ndogo. Ndani ya mazungumzo haya nimeficha neno moja. Ni neno la kawaida kabisa, kitu mnachokiona nyumbani kila siku. Nitalitaja mara moja tu, kwa sauti hii hii, bila kulivuta wala kulikazia. Tegeni masikio. Mwishoni nitawaambia ni lipi, na kila mtu atajua kama alilidaka au lilimpita.

Kwa nini nimeanza hivi? Kwa sababu leo nataka kuwasimulia habari za kipindi cha televisheni cha zamani, kipindi cha chemsha bongo na kicheko cha Wamarekani, ambacho mchezo wake mashuhuri ulikuwa huo huo wa neno lililofichwa. Kiliitwa You Bet Your Life. Ukiyachukua maneno hayo moja moja, ni kama kumwambia mtu aweke dau maisha yake. Lakini Mmarekani akikujibu hivyo anamaanisha tu: hakika, tena bila shaka yoyote. Kilionyeshwa na shirika la NBC kuanzia Oktoba 1950 hadi Juni 1961, karibu miaka kumi na moja. Na mwenye kipindi alikuwa mchekeshaji Groucho Marx.

Najua kuna atakayeuliza: kipindi cha watu wa mbali, cha zaidi ya miaka sitini iliyopita, sisi kinatuhusu nini? Swali hilo ni halali. Jibu langu linaanzia kwenye mkeka wa bibi yangu.

Baada ya chakula cha usiku, bibi alikuwa akitukusanya sisi wajukuu. Anasema: Kitendawili! Nasi kwa sauti moja: Tega! Nyumba yangu kubwa, lakini haina mlango. Basi tunakisia. Kaburi? Sivyo. Mtungi? Sivyo. Nazi? Umekaribia, lakini sivyo. Tukishindwa anadai apewe mji. Tunampa Tanga, anakataa. Tunampa Bagamoyo, anakataa, anasema huko ameacha deni dukani. Tunampa Mombasa, anaupokea. Na hapo ndipo utamu unapoanza, maana bibi akishapewa mji hatoi jibu papo hapo. Lazima kwanza atusimulie alivyokwenda Mombasa, nani alimpokea, alipikiwa nini, na nani kati yetu alionekana huko akilia njaa kwa uvivu wake. Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Ndipo mwisho kabisa, kama anayetupa ganda la muhogo, anasema: yai.

Niwaulize, wasikilizaji wangu. Tulikuwa tunakesha kwa ajili ya yai? Yai tulilijua. Yai tulilila asubuhi. Tulikesha kwa ajili ya ile safari ya Mombasa. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa twende Marekani. Groucho Marx alizaliwa New York tarehe 2 Oktoba 1890, mtoto wa fundi cherehani, na jina alilopewa nyumbani lilikuwa Julius. Mama yao, Minnie, ndiye aliyewasukuma yeye na ndugu zake wapande jukwaani wakiwa bado vijana wadogo. Walizunguka miji mingi wakiimba na kuchekesha, kisha wakaingia kwenye sinema: The Cocoanuts mwaka 1929, Duck Soup mwaka 1933, A Night at the Opera mwaka 1935. Waliowahi kuiona picha yake mara moja hawamsahau: miwani, nyusi nene, sigara nene mkononi, na masharubu meusi ambayo enzi hizo yalikuwa ya kupakwa kwa rangi tu. Alitembea ameinama, miguu ikitangulia, kama mtu anayepita chini ya kamba ya kuanikia nguo.

Lakini kufika mwaka 1947 enzi hiyo ilikuwa imepita. Sinema za ndugu hao zilikuwa zimepungua, yeye anakaribia miaka hamsini na saba, na redioni alikuwa amejaribu mara kadhaa na kila mara kipindi chake hakikudumu. Mwaka huo akaalikwa kwenye kipindi maalumu cha redio pamoja na mchekeshaji Bob Hope. Katikati ya kipindi karatasi za Hope zikaanguka. Kilichofuata hakikuandikwa na mtu. Wakaanza kutupiana maneno papo kwa papo, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Miongoni mwa waliokuwa wakitazama alikuwa mtayarishaji wa vipindi, John Guedel. Yeye akaona jambo ambalo wengine walikuwa hawajaliona: Groucho anachekesha zaidi akiwa hana karatasi. Mpe mtu wa kuzungumza naye, kisha mwache.

Guedel akampelekea wazo la kipindi cha maswali na zawadi. Groucho hakulipenda mara moja, maana kwa nyota wa sinema kazi ya kuuliza watu maswali ya chemsha bongo ilionekana kama kushuka ngazi. Hatimaye akakubali. Kipindi kikaanza tarehe 27 Oktoba 1947, na kilianza wapi? Kilianza redioni. Nalirudia hilo kwa sababu mimi ni mtu wa redio na linanifurahisha: kipindi kile cha televisheni kilizaliwa redioni, kikakulia redioni miaka mitatu, na hata kilipopata picha kiliendelea kusikika redioni kwa miaka mingi.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo nisingependa lipite. Wakati ule vipindi vikubwa vya redio vya Marekani vilitangazwa moja kwa moja. Mashirika makubwa hayakutaka vipindi vilivyorekodiwa. Ni mwimbaji Bing Crosby aliyefungua njia mwaka 1946 kwenye shirika la ABC, na Guedel akapita njia hiyo hiyo na shirika hilo hilo. Groucho alirekodiwa karibu saa nzima, kisha mafundi wakakata, wakabakisha nusu saa ya kutangazwa. Kwa nini hilo ni muhimu? Ninyi mliowahi kukaa mbele ya kipaza sauti cha moja kwa moja mnajua. Saa ya ukutani inakukimbiza. Mgeni akinyamaza sekunde tatu, moyo unakuruka, unamkatiza, unamjazia maneno mdomoni. Groucho hakukimbizwa. Aliweza kumwacha mama wa watu afikiri. Aliweza kunyamaza tu, akamtazama mtu, akangoja aseme la pili. Na mara nyingi, wasikilizaji wangu, utamu umo kwenye lile la pili.

Kilipoingia kwenye televisheni walifanya vilevile kwa picha. Waliweka kamera za filamu mbili mbili, nane kwa jumla. Filamu ndani ya kamera ilidumu dakika kumi hivi. Moja ikiisha jirani yake inaendelea, na mazungumzo hayakatiki hata mara moja. Gharama ilikuwa kubwa. Lakini waliona afadhali filamu imwagike kuliko mtu kukatizwa maneno yake.

Sasa niwachoree jukwaa lenyewe, maana mko redioni na macho yenu ni mimi. Groucho ameketi kwenye kiti kirefu nyuma ya meza, safari hii masharubu yake ni ya kweli, kayafuga mwenyewe, rangi alikataa. Kando yake yupo msaidizi wake, George Fenneman, kijana nadhifu, mwenye sauti ya upole, aliyezaliwa Beijing huko China. Fenneman anawaleta washiriki wawili wawili, mwanamume na mwanamke, mara nyingi watu wasiojuana kabisa. Pengine ni mwalimu na mpiga mbizi. Pengine ni mama wa nyumbani na jenerali. Wanasimama mbele ya Groucho kama watu waliokuja kuulizia kazi, mikono hawajui waiweke wapi.

Kabla hawajaingia, ukumbi umeshaonyeshwa neno la siri la usiku huo. Ni maneno ya namna gani? Maji. Jina. Mlango. Mkono. Mnaona? Ni mlemle kwenye mkeka wa bibi. Mmoja wa wale wawili akilitaja katika mazungumzo, hata kwa bahati mbaya, muziki unapigwa na kutoka juu anashuka bata. Bata wa kutengenezwa, mwenye miwani na masharubu kama ya Groucho mwenyewe, na mdomoni kauma noti. Ni dola 100, mnagawana nusu kwa nusu. Ninavyoona mimi, ule ulikuwa ufundi wa hali ya juu. Huwezi kulilenga neno usilolijua. Njia pekee ya kulipata ni kuendelea kuongea. Yaani mchezo ule ulikuwa unawalipa watu ili wazungumze.

Baada ya hapo ndipo huja maswali yenyewe. Katika miaka ya mwanzo kila jozi ilipewa dola 20 kama mtaji, wanachagua somo, wanaweka dau juu ya maswali manne. Ukiwa na ujasiri wa kuweka zote kila mara na ukapata yote, dola zako zinafika 320. Jozi iliyopata nyingi zaidi inarudi mwishoni kwa swali kubwa. Kanuni zilibadilishwa baadaye mara kadhaa, wala sitawachosha nazo.

Na aliyekosa kila kitu? Huyo hakuondoka mikono mitupu. Groucho alimpa swali la kumfariji, na mashuhuri kuliko yote lilikuwa hili: Nani amezikwa katika kaburi la Grant? Grant alikuwa jenerali na rais wa Marekani, na kaburi lake ni jengo kubwa pale New York ambalo kila mtu analiita kaburi la Grant. Au aliuliza: Ikulu yao, iitwayo Nyumba Nyeupe, ina rangi gani? Ukumbi unacheka, mshiriki anacheka, anajibu, anapewa dola zake kidogo, anakwenda nyumbani akiwa na jambo la kusimulia. Kusema haki, ndani ya kaburi lile amelala Grant pamoja na mkewe Julia, lakini Groucho alitosheka na Grant peke yake.

Linganisheni na vipindi vilivyokuja baadaye. Mwaka 1955 ikaja chemsha bongo nyingine Marekani, The $64,000 Question, na kiasi cha fedha ndilo jina la kipindi. Watu wakawekwa ndani ya vibanda vya vioo, jasho likawatoka, taifa zima likakaa roho juu. Kwa Groucho fedha zilikuwa ndogo, na hakuna aliyelalamika. Kwa sababu zawadi haikuwa kiini. Kiini kilikuwa yale maongezi ya kabla ya maswali. Ile safari ya Mombasa.

Nitawapa mfano mmoja, na huu nataka tukae nao. Mwaka 1953 alitokea kwenye kipindi mtu wa San Antonio, Texas, mwenye asili ya Meksiko. Jina lake Pedro Gonzalez Gonzalez. Naam, Gonzalez mara mbili, kwa sababu ukoo wa baba ni Gonzalez na ukoo wa mama pia ni Gonzalez. Mtu mfupi, mchangamfu, uso wote tabasamu. Hakuwa msomi, hata baadaye alipokuwa mwigizaji, mkewe ndiye aliyemsomea maneno ya sinema naye akayashika kwa moyo. Mtu wa namna hiyo, mbele ya mchekeshaji mwenye ulimi mkali kuliko wote Marekani. Ungetegemea nini? Ungetegemea achekwe.

Groucho akamuuliza: tukifanya maonyesho sisi wawili pamoja, tutajiita nani? Gonzalez hakusita. Akasema: Gonzalez Gonzalez na Marx. Ukumbi ukaanguka. Groucho akawageukia watazamaji na kulalamika kwamba katika kundi la watu wawili yeye amekuwa wa tatu.

Tazameni kilichotokea pale. Mgeni amemshinda mwenye nyumba, na mwenye nyumba amefurahi kushindwa. Angeweza kumkatiza. Angeweza kumgeuza mzaha kwa lafudhi yake. Badala yake akasogea kando, akamwachia uwanja, na kicheko chake mwenyewe kikatokana na kukubali kwamba mwenzake kapiga bao. Miongoni mwa waliokiona kipindi kile alikuwa John Wayne, nyota wa sinema za kauboi, akamchukua Gonzalez na kumwandikia mkataba. Mkiitazama Rio Bravo ya mwaka 1959 mtamwona humo, ndiye mwenye hoteli. Kazi yake ya sinema ilianza kwenye dakika zile chache za maongezi.

Wapo wengine. Mwaka 1958 alipita pale Phyllis Diller, mama wa watoto watano, bado jina lake halijavuma. Baadaye akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kujaza kumbi za vichekesho kote Marekani akiwa peke yake jukwaani. Na mwaka 1961 akapita mwandishi kijana, William Peter Blatty, yeye na mwenzake wakashinda dola 10,000. Alipoulizwa atafanya nini na fungu lake, alisema atalitumia ili apate nafasi ya kuandika riwaya. Miaka kumi baadaye akachapisha The Exorcist, kitabu kilichowanyima mamilioni ya watu usingizi. Ila sitaki mfikiri kwamba utamu wa kipindi ulikuwa kuibua nyota. Wengi waliosimama pale walirudi kwenye maduka yao, mashamba yao, na madarasa yao, na hakuna aliyesikia habari zao tena. Ndio hao hasa ninaowapenda.

Sasa kuna jambo ambalo lazima niwaeleze, maana nisipowaeleza nitakuwa nimewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mengi ya maneno yale yaliyoonekana kuchomoka papo kwa papo yalikuwa yameandaliwa. Washiriki walihojiwa na watumishi wa kipindi siku za nyuma. Waandishi wakakaa, wakatunga vichekesho kutokana na kazi ya mtu, mji wake, jina lake. Usiku wa kurekodi, vichekesho vile viliangazwa kwa mtambo mahali ambapo Groucho anaviona juu ya vichwa vya wageni, na watazamaji hawavioni. Waandishi wenyewe hawakutajwa kuwa ni waandishi. Walipewa vyeo vingine. Nilipolijua hili mara ya kwanza niliumia. Nilihisi kama mtoto aliyeambiwa kwamba bibi hakuwahi kufika Mombasa.

Lakini nikarudi kuvitazama vipindi vile upya, polepole, macho yangu yakiwa kwa Groucho, si kwa mgeni. Nikaona kitu. Mgeni akisema neno asilolitarajia mtu, macho ya Groucho yanaacha kule juu na kushuka kwake. Anaacha kichekesho kilichoandikwa, anafuata kile kilichozaliwa. Kwa kweli yeye mwenyewe hakukutana na washiriki kabla ya jukwaa. Alitaka awaone pale pale kwa mara ya kwanza. Maandishi yalikuwa akiba tu, kama mzigo wa kuni mlangoni. Na kitu kimoja hakikuandaliwa kabisa, nacho ni majibu ya maswali.

Hilo la mwisho lilikuja kuwa na uzito mkubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilifichuka kwamba baadhi ya vipindi vya fedha nyingi vilikuwa vya uongo: washiriki walipewa majibu kabla, wakafundishwa hata namna ya kujifuta jasho. Mashuhuri kuliko vyote kilikuwa Twenty-One, na mshindi wake, mwalimu wa chuo kikuu Charles Van Doren, alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani Novemba 1959. Nchi nzima ilifedheheka. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria inayofanya udanganyifu wa namna hiyo kuwa kosa la jinai. Vipindi vilianguka kimoja baada ya kingine. Kipindi cha Groucho kikabaki kimesimama. Fikirini wenyewe: nani ana haja ya kuiba swali la nani amezikwa katika kaburi la Grant? Pale ambapo fedha ni ndogo na maongezi ni makubwa, udanganyifu hauna pa kushika.

Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Vipo vichekesho vya Groucho kwa wanawake, kuhusu maumbo yao na umri wao, ambavyo nikivitazama leo navuta pumzi na kugeuza uso. Baadhi ya wanawake wale walicheka kwa sababu walikuwa mbele ya watu na hawakuwa na la kufanya. Sikio lilelile lililomsikia Gonzalez halikuwasikia wao kila mara.

Na lipo kubwa zaidi. Kiongozi wa bendi ya kipindi alikuwa Jerry Fielding, mwanamuziki hodari, ambaye alimchukua Buddy Collette, mpiga saksofoni na filimbi, mtu mweusi, akapiga naye kwenye bendi ya televisheni wakati ambapo bendi hizo zilikuwa za wazungu watupu. Enzi zile Marekani ilikuwa imeshikwa na hofu ya ukomunisti. Mwaka 1953 Fielding aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, akakataa kujibu maswali kuhusu siasa zake na za wenzake. Wadhamini wa kipindi, waliokuwa wauzaji wa magari, hawakumtaka tena. Akaondolewa. Miaka ikapita bila kupata kazi kwenye televisheni. Groucho aliyejulikana kwa kutomwogopa mtu, safari hiyo aliinama. Uzeeni aliandika kwamba kumwacha Fielding aende ni moja ya mambo aliyoyajutia. Ninamheshimu kwa kulikiri. Lakini kukiri kwake hakukumrudishia Fielding miaka ile.

Kipindi kilikwisha Juni 1961. Baadaye wengine walijaribu kukifufua kwa jina lilelile, Buddy Hackett mwaka 1980, Bill Cosby mwaka 1992, na Jay Leno mwaka 2021. Hakuna kilichodumu. Walikuwa na neno la siri, walikuwa na maswali, walikuwa na fedha, lakini Groucho hawakuwa naye.

Nimalizie na filamu zenyewe, maana habari yake inanigusa mahali penye kidonda. Mwaka 1973 shirika la NBC lilikuwa likisafisha ghala lake. Humo mlikuwa na mamia ya masanduku ya filamu za You Bet Your Life, na uamuzi ulikuwa kuyateketeza. Mtu mmoja akaona vema apige simu kwanza nyumbani kwa Groucho kuuliza kama anazitaka. Simu ikapokelewa na mjukuu wake, Andy. Mzee alikuwa na miaka 82, na mwanzoni hakuona za kazi gani. Mjukuu akamsihi. Magari yakaja, masanduku yakashushwa, vyumba vikajaa mpaka hapana pa kupita.

Nimesema pana kidonda. Mimi katika maisha yangu nimeona kanda ikifutwa. Alikuwa bibi mmoja, mtambaji wa hadithi na vitendawili, aliyerekodiwa kwa muda mrefu, sauti yake ikiwa na mikwaruzo ya uzee na kicheko katikati. Kanda mpya hazikuwapo, na kulikuwa na hotuba ya kurekodi. Ikachukuliwa ile ya bibi. Nilisimama pale, sikusema neno, nilikuwa mgeni kazini. Yule bibi sasa ni marehemu, na sauti ile haiko popote duniani. Kwa hiyo nikiwaza habari za Andy kumsihi babu yake, namwombea kheri.

John Guedel akaishawishi stesheni moja ya Los Angeles, KTLA, izionyeshe filamu zile tena, usiku sana. Watu wakazitazama. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa kipindi kilipoanza wakawa wanakesha. Stesheni za miji mingine nazo zikazitaka. Groucho aliishi akaliona hilo; alifariki tarehe 19 Agosti 1977. Ndani ya nyumba yake mwenyewe aliweza kukaa na kumtazama Pedro Gonzalez Gonzalez akimshinda kwa mara nyingine.

Basi, wasikilizaji wangu, deni langu. Neno letu la siri lilikuwa kiti. Nililitaja mara moja tu, nilipowachorea jukwaa, Groucho akiwa nyuma ya meza yake. Uliyelidaka, bata ni wako. Na wewe lililokupita usijali. Huenda ulikuwa umekikalia muda wote huu.